Maji ya Tatu

Jua la Pipeline linakaa ghorofa ya nane.
Sisi wa chini tunapata habari zake tu:
nguo isiyokauka,
ukuta unaotoa jasho saa sita mchana,
taa ya kutafutia kiberiti.

Kwa hiyo nilipanda.
Ndoo ishirini na mbili za rangi,
nimezitoboa makalio kwa msumari wa moto,
nikazibeba moja moja, ngazi mia na kumi na mbili,
na udongo wa kununua kwa gunia, kama unga.
Mutinda, msimamizi wa ploti, akaniuliza: shamba umepewa na nani?
Nikamwambia paa hili lina miaka kumi likiota jua bure.
Akacheka. Kisha akataja bei:
fungu moja kila Ijumaa, bila mabua.

Miaka tisa niliyanywesha mawaridi kule Athi River,
tone, tone, kwa mpira mwembamba wenye saa.
Waridi likisikia kiu, kengele ililia,
mtu wa koti jeupe akaja mbio.
Usiku yalipanda ndege.
Asubuhi sisi tulikunywa strungi.

Hapa maji huja Jumanne na Alhamisi, yakipenda.
Mtungi ni shilingi thelathini; kiangazi kile kirefu, hamsini.
Hakuna sukuma ya kulipa deni hilo.
Bosibori wa ghorofa ya tano ndiye aliyenifunza hesabu:
maji ya kwanza ni ya uchafu,
ya pili ni ya sabuni,
ya tatu yamebaki na kumbukumbu tu,
na mboga haibagui kumbukumbu.
Tangu hapo, jioni, mabeseni huningoja kwenye ngazi:
la Nafuna, nepi; la vijana wa chumba cha kona, jinzi;
la mwalimu Mwende, shuka jeupe moja,
kila siku shuka moja.
Sijamuuliza.

Akeyo aliniletea mbegu za dek fundoni mwa leso,
Bosibori, managu. Nikazipanda ndoo jirani.
Hadi leo wanabishana ipi ina haki ya maziwa.

Mvua siku hizi haina adabu.
Machi tuliingoja kama mgeni aliyepiga simu.
Aprili nilipangusa vumbi kwenye majani kwa brashi ya viatu.
Mei ikaja saa saba usiku bila hodi,
na Mto Ngong ukakumbuka njia yake ya zamani,
ambayo sasa ni mtaa wetu.

Wa chini wakapanda.
Ekai na cherehani yake ya viatu begani,
Nafuna na mtoto, na godoro linalozidi uzito kila ngazi,
watu ambao sijawahi kuwaona mchana,
wakakaa kati ya ndoo zangu,
turubai moja, vichwa thelathini.

Siku mbili. Mutinda akaleta sufuria ya matanga.
Nilichuma majani makubwa kwanza, kwa utaratibu,
kisha madogo,
kisha nikaacha kuhesabu.
Dek na managu zikaingia chungu kimoja.
Maziwa hayakuwepo, ugomvi ukakosa pa kuanzia.
Mwende akatandua shuka lake; wakalala chini yake watoto sita.

Redioni walisema tabianchi.
Nilisikiliza hadi mwisho nione kama watataja ndoo.

Siku ya tatu maji yalishuka, nao wakayafuata,
kwenda kuchota matope kwa sahani.
Nikabaki na mashina,
yamesimama uchi kama vidole vya watu wanaoomba kusema.

Leo jioni, kwenye ngazi ya pili,
pale tope lilipochora mstari wake ukutani,
nimekuta beseni moja. Sijui la nani.
Ni maji ya kwanza, mazito.
Mtu hajui hesabu, au hakuwa na mengine.
Nimelipandisha polepole, nikaliacha litulie.
Chini yake kumekaa udongo mweusi,
laini, wa bure.

Mto ule ninaujua. Ninajua viwanda vinavyoutemea.
Giza linaingia nikiwa nimechuchumaa hapa,
sijaumwaga,
sijautia ndooni.